Kinanda cha mabomba cha kanisani kimenyamaza? Mwongozo kamili wa kukifufua bila kukiharibu

Kama parokia yenu ina kinanda cha mabomba kimekaa kimya miaka na miaka kule juu roshani, au kinalia lakini nusu ya noti hazitoki na zingine zinalia zenyewe na hakuna mtu amegusa kitu, naomba usome hii yote kabla hamjamwita fundi na kabla hajapanda mtu na bisibisi. Nimekaa na hivi vinanda muda mrefu, kwanza kama mpigaji alafu baadaye kama msaidizi wa mafundi, na kitu kimoja ndo kinanifanya niandike: vinanda vingi nilivyovikuta vimeharibika kabisa havikuuawa na uzee, viliuawa na mtu aliyekuja kuvitengeneza. Vumbi la miaka 100 linatoka kwa brashi. Bomba lililokatwa mdomo (ule mwanya wa mbele ambapo sauti inatokea) halirudi tena kama lilivyokuwa.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina swali lilelile nyuma yake: hiki ninachotaka kufanya, fundi atakayekuja miaka 50 ijayo ataweza kukitoa bila kuumiza kitu cha asili? Kama jibu ni hapana, acha kwanza.

Kwanza tuelewane kilivyo ndani

Kuna upepo, unaotengenezwa na bloa ya umeme siku hizi (zamani mtu alikuwa anavuta mpini) na kuhifadhiwa kwenye mvukuto mkubwa. Upepo unapita kwenye mirija ya mbao mpaka kwenye sanduku la upepo, ambalo mabomba yanasimama juu yake. Ndani ya sanduku kila noti ina vali yake, kijiti kirefu cha mbao kilichovishwa ngozi, ukibonyeza ufunguo kinashuka na upepo unaingia kwenye njia ya noti hiyo. Ila bomba halilii bado mpaka uvute stopu (kile kishikio cha kuchagua safu ya mabomba itakayolia), maana chini ya kila safu ya mabomba kuna ubao mwembamba wenye matundu, ukivuta stopu ubao unasogea, matundu yanalingana, hapo ndo upepo unapita. Kati ya ufunguo na vali kuna makenika, yani vijiti vyembamba, waya na pembe za kugeuza mwendo. Vinanda vya baadaye kidogo vinatumia mirija ya hewa au sumaku za umeme badala ya vijiti, na hivyo vina tabia yake nitaisema.

Juu ya mvukuto utakuta mawe au vyuma vizito vimewekwa. Usiviondoe na usiviongeze, hata kama vinaonekana kama takataka iliyosahauliwa pale. Uzito ule ndo unaoamua nguvu ya upepo, na nguvu ya upepo ndo sauti ya kinanda chote. Ctesibius wa Aleksandria kule Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia maji kuutuliza upepo wa kinanda chake, na kazi ya maji yale ndo hiyohiyo inafanywa na mawe mnayotaka kuyatupa.

Hatua ya kwanza: sikiliza na uandike, usiguse

Chukua daftari, simu ya kurekodi, tochi, na mtu mmoja wa kubonyeza funguo. Washa bloa (ila kama nyaya zake ni zile za kuvishwa kitambaa, zibadilishwe kwanza) na uketi kimya dakika chache, sikia upepo unavuja wapi. Alafu fanya majaribio haya matatu.

La kwanza, funga stopu zote kisha bonyeza funguo moja moja. Inatakiwa kimya kabisa. Ukisikia sauti nyembamba kama mtu anaguna kwa mbali, upepo unapenya kwenye zile mbao za stopu, labda zimepinda au uso wa sanduku umepasuka. La pili, vuta stopu moja na usibonyeze chochote. Hapo pia kimya. Kama kuna noti inalia, vali yake haijafunga, na sababu yake saa ingine ni punje ya uchafu tu juu ya ngozi, au springi imechoka, au kijiti cha makenika kimevimba kwa unyevu na kimekwama. La tatu, vuta stopu na ubonyeze noti moja, sikiliza kama noti ya jirani inanung'unika pamoja nayo. Ikinung'unika, ukuta kati ya njia mbili za upepo una ufa, na hiyo ni kazi kubwa, iandike kwa herufi nzito.

Kisha jaza mvukuto mpaka juu, zima bloa, na upime kwa saa unachukua sekunde ngapi kushuka. Namba hiyo itunze, baada ya ukarabati mtapima tena na ndo mtajua kama pesa yenu imefanya kazi. Pima pia nguvu ya upepo na uiandike, namna ya kuipima iko chini kwenye sehemu ya mvukuto.

Andika kila noti ya kila stopu: inalia, hailii, inachelewa, inakwaruza. Inachosha kweli, kinanda cha stopu 12 chenye funguo 54 ni zaidi ya noti 600 za kusikiliza, lakini bila hiyo orodha fundi yeyote anaweza kuwaambia lolote.

Piga picha kila kitu kabla vumbi halijafutwa. Vumbi lenyewe lina habari, utaona mahali ambapo mkono wa mtu ulipita majuzi na mahali ambapo hakuna aliyefika tangu kinanda kijengwe.

Tafuta historia yake, na sio kwenye makaratasi tu

Makabati ya parokia, kumbukumbu za jimbo, vitabu vya hesabu, picha za zamani za harusi na ubatizo ambazo kinanda kinaonekana nyuma. Alafu ingia ndani ya kinanda na tochi. Mafundi wa zamani walikuwa wanaandika: jina na mwaka kwa penseli ndani ya sanduku la upepo, namba za noti zilizokwaruzwa kwenye bomba juu kidogo ya mdomo, saa ingine karatasi za magazeti au vitabu vya hesabu zilizobandikwa kuziba nyufa. Zisibanduliwe.

Hapo ndo mtagundua kwamba kinanda chenu sio cha mwaka mmoja. Kilijengwa, baadaye kikaongezwa stopu, mwingine akabadilisha bloa, mwingine akapandisha toni ili kilingane na vyombo vingine. Ufaransa waliweka noti yao ya A iwe mitetemo 435 kwa sekunde kwa sheria mwaka 1859, na 440 ilikubaliwa kimataifa mwaka 1939, kwa hiyo kinanda cha kale kikiwa chini au juu ya 440 sio kibovu, ndo umri wake huo. Na vingine vilipokonywa vitu: Ujerumani mwaka 1917 serikali ilichukua mabomba ya bati ya mbele kwenye vinanda vingi kwa ajili ya vita, na baada ya vita makanisa mengi yakaweka ya zinki. Sasa leo ukikarabati kinanda cha namna hiyo, unarudisha bati au unaacha zinki ambayo nayo ina miaka 100 na historia yake?

Swali hilo lijibiwe kwenye kikao kabla kazi haijaanza, kwa maandishi. Mimi msimamo wangu ni kwamba nyongeza ya baadaye iliyotengenezwa vizuri na inayofanya kazi iachwe, inaondolewa tu ile iliyoharibu na ambayo mna ushahidi kamili wa kilichokuwepo kabla yake. Kukisia tu kwamba "zamani ilikuwa hivi" hakutoshi kutoboa tundu hata moja.

Jengo kwanza, kinanda baadaye

Hii inarukwa na watu wengi na inaniuma sana. Kama paa linavuja, kama kuna mpango wa kupaka rangi, kupiga plasta, kubadilisha sakafu au kupitisha nyaya mpya, hizo kazi zote ziishe kabla ya kinanda. Vumbi la plasta na la kukata vigae ni laini kama unga, linaingia kwenye kila mdomo wa bomba na kila vali, na mkikarabati kinanda leo alafu mwakani mkaleta mafundi wa sakafu, mtaanza upya. Kama kazi ya jengo haiepukiki wakati kinanda kipo, kifunikwe chote kwa nailoni inayofungwa pembeni, bloa izimwe na mdomo wake wa kuvuta hewa uzibwe, na mtu apewe jukumu la kukikagua kila siku.

Wekeni kipima unyevu ndani ya kinanda chenyewe, sio ukutani, na msome kwa mwaka mzima kama mnaweza. Mbao na ngozi zinataka unyevu wa asilimia 45 hadi 65 hivi, na zaidi ya namba yenyewe zinataka isibadilikebadilike. Kinachopasua masanduku ya upepo ni kupasha kanisa joto kali haraka kabla ya ibada, hewa inakauka ghafla, mbao zinasinyaa, ufa unatokea, alafu watu wanamlaumu aliyejenga.

Nyaya za umeme za bloa kama ni zile za kuvishwa kitambaa zibadilishwe kabla hata hamjawasha kwa majaribio. Na boksi la bloa la zamani likiwa na bitana ya kijivu yenye nyuzinyuzi ya kuzuia kelele, inaweza kuwa asbesto, msiikwangue, mwiteni mtaalamu mwenye kibali cha kuiondoa.

Nani afanye na mkataba uweje

Kusafisha nje, kupiga picha, kuandika orodha, kutengeneza masanduku ya kuhifadhia mabomba, kubeba, hizo parokia inaweza kufanya yenyewe na inapunguza gharama sana. Ngozi na makenika seremala mzuri anaweza kusaidia akiwa chini ya fundi kinanda. Lakini midomo ya mabomba na ndimi za mabomba ya tarumbeta (vile vipande vyembamba vinavyotetemeka ndani yake na kutoa sauti, ndo maana yanaitwa mabomba ya ulimi) aguse fundi kinanda peke yake, na sio kila fundi kinanda.

Kabla ya kumchagua nendeni mkaone vinanda vitatu alivyovikarabati miaka 10 iliyopita, sio vya mwaka jana, na muongee na wapigaji wake. Mwombeni awaonyeshe ripoti ya kazi iliyopita, asiye na ripoti hata moja msimpe. Mtafute pia mshauri asiyelipwa na fundi, anayesimama upande wenu. Kotesheni iwe kipengele kwa kipengele: mvukuto, sanduku, makenika, mabomba, kutyuni, kila kimoja na njia atakayotumia, aina ya gundi, aina ya ngozi. Na muweke kifungu kwamba kila kipande cha zamani kitakachotolewa kinabaki mali ya parokia, kinafungwa na kuandikwa lebo na kuhifadhiwa hukohuko nyuma ya kinanda.

Kukifungua

Vaa glavu. Mabomba ya chuma ni mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi ni sumu, kwa hiyo hakuna kula wala kunywa kwenye eneo la kazi, mikono ioshwe kila mnapotoka, watoto wasije kusaidia. Kama kuna kinyesi cha popo au njiwa vaeni barakoa nzuri ya vumbi na mkilowanishe kidogo kabla ya kukizoa, kikikauka na kupeperuka kinaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu.

Tengenezeni matrei ya mbao laini au karatasi ngumu yenye vyumba, kila stopu na trei zake, kila bomba na noti yake, lebo iwe kwenye trei na pia kipande cha karatasi ndani ya chumba. Usibandike gundi ya stika kwenye bomba. Mabomba madogo yalazwe, yasirundikwe. Bomba la safu ya futi 8 la chini kabisa lina mita 2.4 hivi, la futi 16 mara mbili yake, hayo yanabebwa na watu wawili, mmoja anashika mwili na mwingine mguu, na hakuna anayeshika mdomo. Risasi ni laini, ukilishika bomba mdomoni mara moja umeshabadilisha sauti yake.

Msiseme kuhifadhi ni jambo dogo. Kinanda cha fundi Arp Schnitger cha mwaka 1693 kwenye kanisa la St. Jacobi kule Hamburg kipo leo kwa sababu wakati wa vita kuu ya pili mabomba na masanduku ya upepo yalitolewa yakafichwa mahali salama. Kabati lake liliungua mwaka 1944 lakini sauti ilibaki, na fundi Jürgen Ahrend alipomaliza ukarabati mwaka 1993 alikuwa na mabomba ya kale ya kufanyia kazi.

Mbao zikiwa na vitundu vya wadudu, usikimbilie dawa. Weka karatasi nyeusi chini yake uache miezi miwili mitatu, ukikuta unga mpya mweupe juu ya karatasi wadudu wako hai, usipokuta ni vitundu vya zamani. Wakiwa hai, njia salama zaidi kwa vipande vinavyotoka ni kuvifungia kwenye hema lisilo na oksijeni, maana dawa ya maji inaharibu ngozi na inaacha harufu na chumvi ndani ya sanduku la upepo.

Upepo: mvukuto

Ngozi ya zamani ikigeuka unga mwekundu ukiisugua na kidole, imekwisha, badilisha yote kwenye mvukuto huo. Kama ni mpasuko mmoja na sehemu nyingine bado ni laini, bandika kiraka na uache iliyobaki.

Gundi ni ya wanyama, ile ya moto, na hapo sina mjadala. Unailoweka kwenye maji baridi usiku kucha, kesho yake unaipasha kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria nyingine yenye maji, nyuzi 60 hivi, isichemke kamwe maana ikichemka inapoteza nguvu. Inashika haraka, kwa hiyo uwe na ngozi imeshakatwa, kingo zake umezichonga ziwe nyembamba ili zisiache ngazi, na kitambaa cha maji ya moto cha kufuta inayozidi. Faida yake ni kwamba ukitaka kuitoa unaweka joto na unyevu inaachia. Nilishafungua mvukuto ambao mtu aliubandika kwa gundi nyeupe ya seremala, ngozi ilitoka na nyuzi za mbao za miaka 150 zimeganda nayo, kila upande tukabaki na mashimo ya kujaza. Wiki tatu za kazi ambazo hazikutakiwa kuwepo.

Ukimaliza, pima nguvu ya upepo. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, tia maji, ncha moja ichomeke kwa kizibo kwenye tundu la bomba mojawapo, ncha nyingine iache wazi. Tofauti ya maji kati ya pande mbili, kwa milimita, ndo nguvu ya upepo. Vinanda vingi vya kanisa viko kati ya 60 na 100. Inatakiwa iwe ileile uliyoipima mwanzoni, au ile ambayo ushahidi unaonyesha ilikuwepo. Kuongeza uzito "ili kilie zaidi" ni kukiua taratibu.

Sanduku la upepo na vali

Toa vali moja uiweke mezani uiangalie vizuri. Upande wa juu una felti na juu yake ngozi laini, na ngozi hiyo ina mchoro wa matundu ya njia ya upepo, mstari umezama na kung'aa, kwa sababu imekaa imebanwa pale mahali pamoja miaka yote. Kama mstari ni safi na ngozi bado inarudi ukiibonyeza, isafishe kwa brashi laini uirudishe palepale ilipotoka. Kama imekuwa ngumu kama kadi, toa ngozi na felti kwa joto na unyevu, sawazisha mbao kwa msasa mzuri uliobandikwa juu ya kioo ili usipate tumbo wala shimo, alafu bandika felti na ngozi mpya ya kondoo. Nyuma unaacha mkia wa ngozi kama ulikuwepo, maana ndo bawaba yake.

Springi za zamani za shaba usizibadilishe kwa sababu ni za zamani. Zipime kwa vipande vidogo vya uzito, iliyolegea ifunguliwe kidogo kwa mkono ilingane na wenzake.

Nyufa za uso wa sanduku zinajazwa kwa kipande chembamba cha mbao ileile, kwa gundi ya moto, sio kwa plastiki wala silikoni. Na mbao mpya karibu na mabomba ya risasi isiwe mwaloni mbichi wala mbao za unga zilizoshindiliwa kwa gundi, zinatoa mvuke wa asidi unaokula risasi. Ukiona miguu ya mabomba ina unga mweupe na vidonda, hiyo ndo shida yenyewe na inabidi fundi aione haraka.

Makenika

Haya yanahitaji uvumilivu zaidi ya ujuzi. Safisha, badilisha vitambaa vidogo vilivyoliwa na nondo pale mbao inapogusa mbao, nyoosha waya, badilisha vijiti vilivyovunjika kwa mbao ya aina ileile na unene uleule. Usipake mafuta popote, mafuta yanakamata vumbi na baada ya miaka michache kila kitu kinaganda. Kwa vinanda vya mirija ya hewa, kuna vifuko vidogo vya ngozi kwa mamia, na hivyo vikianza kupasuka vinapasuka vyote kwa pamoja, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa kimoja kimoja, ni seti nzima. Na mtu akiwashauri mng'oe makenika yote ya zamani muweke ya kielektroniki kwa sababu ni rahisi, mwambieni asante na mtafute mwingine. Vijiti vya mbao vinaishi karne kadhaa na vinatengenezeka kwa kisu na gundi.

Mabomba

Mabomba ya chuma yasiyo na rangi yanasafishwa kwa brashi laini kwanza, na yakiwa na mafuta mafuta yanaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, yanasuuzwa vizuri na kusimamishwa yakauke. Ya mbao hayaoshwi. Ya ulimi hayaoshwi. Yale ya mbele yenye dhahabu au michoro hayaguswi na maji, na dawa za kung'arisha chuma ni marufuku kabisa. Kompresa ya upepo usiielekeze kwenye mdomo wa bomba.

Kulikuwa na bomba moja, dogo kama penseli, halikulia kabisa. Nililigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikaona ule mwanya mwembamba nyuma ya mdomo wa chini una doa jeupe upande mmoja, punje ya plasta, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Nilipitisha unyoya wa kuku, punje ikadondoka, nikalirudisha kwenye sanduku na likalia palepale, safi, kana kwamba lilikuwa linasubiri. Jirani yake nalo lilikuwa halilii vizuri na nikatafuta punje, sikuipata. Nikaona mistari ya tupa kwenye mdomo wa juu. Mtu alikuja kabla yetu, akaona sauti haitoki, hakutafuta uchafu, akachonga mdomo kuupandisha. Hilo bomba leo linalia, lakini kwa sauti ya kufoka ambayo wenzake hawana, na kuliponya inabidi kulehemu kipande kipya, ambacho kitakuwa mdomo wa fundi wa leo, sio wa yule wa kwanza.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: bomba likikataa, safisha, angalia mguu kama umebonyea na tundu la chini limejifunga, angalia nyufa kwenye maungio, lijaribu kwenye tundu lingine la sanduku ili ujue kama tatizo ni bomba au upepo. Baada ya yote hayo ndo fundi aguse mdomo, na aandike alichofanya. Vikato vidogo kwenye ukingo wa ndani, kimo cha mdomo, ukubwa wa tundu la mguu, hivyo vitatu ndo saini ya aliyejenga.

Mabomba yaliyobonyea yananyooshwa kwa kuyazungusha kwenye mti wa mviringo unaoingia ndani, polepole. Ya mbao yenye kizibo juu, angalia ngozi ya kizibo, ikiwa imelegea kizibo kinashuka chenyewe na noti inapanda.

Kurudisha na kutyuni

Mnarudisha kwa mpangilio wa kinyume, upepo kwanza, sanduku, makenika, na mabomba mwisho. Kabla bomba lolote halijasimama, washeni upepo kwenye sanduku tupu mpulize vumbi lote la ujenzi litoke kupitia matundu.

Alafu mnahitaji kimya. Kinanda kikubwa cha Notre-Dame kule Paris, chenye mabomba 8,000 hivi, hakikuungua kwenye moto wa Aprili 2019 lakini kilijaa vumbi la risasi, kikafunguliwa mwaka 2020, na kilipokuja kurudishwa kazi ya kupanga sauti na kutyuni peke yake ilichukua miezi kama sita mpaka kililia tena Desemba 2024, na kazi ilifanyika usiku kwa sababu mchana mafundi wengine walikuwa wanapiga kelele. Kwenu itakuwa kidogo kuliko hapo lakini kwaya isifanye mazoezi siku hizo, na feni zizimwe.

Joto liwe lile la wakati wa ibada na liandikwe. Mabomba ya mdomo, yani yote yasiyo ya ulimi, yanapanda kama senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto, senti 100 zikiwa ni nusu toni, kwa hiyo nyuzi 10 ni karibu theluthi ya nusu toni. Mabomba ya ulimi yanabadilika kidogo sana. Ndo maana siku ya joto tarumbeta zinasikika kama zimeharibika, kumbe zenyewe zimekaa palepale, mamia ya mabomba mengine ndo yamepanda. Katika hali hiyo unatyuni tarumbeta zifuate wengine, usithubutu kuyavuta mamia kufuata tarumbeta.

Anza na safu kuu ya futi 4, panga oktava moja ya katikati kwa mpangilio uliokubaliwa, kisha nyoosha juu na chini, alafu safu zingine zifuate hiyo moja moja. Ushike bomba kwa muda mfupi tu, joto la mkono linalipandisha, ukilitengeneza subiri lipoe usikilize tena. Bomba la kizibo, ukisukuma kizibo ndani noti inapanda, ukivuta inashuka. La ulimi lina waya, ukiugonga kidogo kwenda chini ulimi unakuwa mfupi na noti inapanda. Mabomba ya wazi ya kale ambayo hayana ukosi wa kuteleza (pete ya kusogeza kwenye ncha ya juu) yanatyuniwa kwa kukandamiza ncha na koni ya shaba, kila pigo linachosha chuma, kwa hiyo kama noti iko karibu sana iache.

Mwaka wa kwanza

Mbao na ngozi mpya zitakaa sawa taratibu. Mkataba uwe na ziara ya fundi baada ya miezi 6 na nyingine baada ya mwaka, bila malipo ya ziada. Weka daftari pembeni ya kibodi, mpigaji aandike tarehe, joto, unyevu na noti yoyote iliyosumbua, hata ikijitengeneza yenyewe siku hiyohiyo. Kipigwe kila wiki, stopu zote, hata zile ambazo hakuna wimbo unaozihitaji, maana mbao za stopu zisiposogezwa zinakwama na ndimi zisipotetemeka zinashika vumbi. Na ule mpini wa zamani wa kuvuta upepo kwa mkono, kama bado upo, uunganisheni tena ufanye kazi, siku umeme ukikatika katikati ya ibada kuna kijana wa kwaya atakayeufurahia.